Maumivu yaliyomo ndani ya "sorry"

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikiwakalimania wageni waliokuja kutazama milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Unguja, nilimwona mzee mmoja wa Kiingereza akijikwaa kwenye kizingiti. Vizingiti vya nyumba zile za zamani vimeinuka kutoka sakafuni, na mgeni aliyekodolea macho nakshi za juu hukumbushwa na kidole gumba cha mguu kwamba mlango una upande wa chini pia. Mzee alikuwa amevaa makubadhi aliyoyanunua asubuhi ileile. Alishika ukuta, akafumba macho, akavuta pumzi kwa meno, na damu kidogo ikaanza kujitokeza pembeni mwa ukucha. Nikamwambia "sorry", kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote aliyeumia mbele yangu. Akafumbua macho, akaniangalia kwa upole wa mtu anayemwondolea mtoto hofu, akaniambia kwamba sikuwa na kosa lolote, kwani kizingiti hakikuwa changu wala si mimi niliyekiweka pale.

Tulicheka wote wawili, nikamtafutia pamba na maji. Hata hivyo jibu lake lilinikaa moyoni, kwa kuwa nilijua kabisa lilikotoka. Kwake yeye "sorry" ni neno la mkosaji, na mimi nilikuwa nimevaa kosa lisilokuwa langu. Kwangu lilikuwa "pole" iliyovalishwa nguo ya Kiingereza. Nikaamini, kama walivyoniaminisha walimu wangu wa Kiingereza, kwamba haya ni makosa yetu sisi Waafrika Mashariki: tumelichukua neno la watu tukalitumia pasipo mahali pake. Nilikaa na imani hiyo hadi nilipoanza kusoma historia ya lugha ya Kiingereza kwa ajili ya kazi yangu ya tafsiri, nikakutana na neno moja la kale lenye herufi tatu tu: sār.

Neno hili hutamkwa kwa "a" ndefu, karibu na "saa" yetu ikimaliziwa kwa "r". Lilitumika katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyozungumzwa Uingereza tangu Waanglo na Wasaksoni walipohamia huko katika karne ya 5 hadi miongo michache baada ya kuja kwa Wanormandi, washindi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, katika karne ya 11. Maana yake ni maumivu. Lilikuwa nomino, "maumivu"; lilikuwa kivumishi, "-enye kuuma"; na kwa kuongezewa irabu moja mwishoni, sāre, lilikuwa kielezi, "kwa maumivu". Halikutenganisha maumivu ya mwili na ya moyo. Aliyekatwa kwa upanga alikuwa na sār, na aliyefiwa alikuwa na sār, kama nasi tunavyosema "uchungu" tukimaanisha ya mama aliye katika chumba cha kujifungulia na ya mama aliyetoka kumzika mwanawe. Walipotaka kubainisha waliunganisha maneno: līcsār ni maumivu ya mwili, heortsār ni maumivu ya moyo.

Mahali ambapo neno hili limenigusa zaidi ni katika utenzi wa Beowulf, ambao una mistari 3,182 na umebaki katika nakala moja tu ya mkono, iliyoandikwa yapata mwaka 1000 na kunusurika moto wa mwaka 1731 uliounguza kingo za kurasa zake. Humo kuna zimwi liitwalo Grendel, linaloingia usiku katika ukumbi wa mfalme na kula watu. Beowulf analikamata mkono na kuushikilia mpaka unang'oka begani, na hapo ndipo mtunzi anaposema kwamba zimwi lilionja līcsār. Baadaye shujaa anawaeleza wenyeji kwamba adui wao, japo ametoroka, hataishi muda mrefu, na sababu anayoitoa ndiyo iliyonifanya nikifunge kitabu kwa muda nikafikiri: "hyne sār hafað", maumivu yanaye, yamembana katika mshiko wa lazima. Zimwi halina maumivu. Maumivu ndiyo yenye zimwi. Yeye aliyezoea kuwashika wengine sasa ameshikwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo hapo. Sisi tunasema homa imemshika, kifafa kimemshika, tumbo limemshika ghafla njiani. Kichwa hakiwi na maumivu. Kichwa kinaniuma, yaani kinanitafuna kama chenye meno, kwa kuwa kitenzi chetu cha kuuma ni kilekile cha mbwa na cha nyoka. Kidonda hupwita, tumbo husokota, mbavu huchoma, na katika kila tamko la namna hiyo mgonjwa ni mtendwa. Kiingereza cha leo humfanya mgonjwa kuwa mwenye mali: ana maumivu ya kichwa kama alivyo na mwavuli. Nimewahi kumtafsiria daktari mgeni maneno ya bibi mmoja aliyesema mgongo unamla, daktari akainua kalamu akauliza kama mgonjwa amewahi kupata matatizo ya akili. Mtunzi wa Beowulf angemwelewa bibi yule mara moja.

Sār haikuwa peke yake. Waganga wa wakati huo walikuwa na maneno mengine mawili ya kila siku, ece na wærc, na ukitaka kuyaona yote kazini hufai kuangalia tenzi bali vitabu vya tiba. Kimojawapo, kinachohifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, kilinakiliwa katikati ya karne ya 10, na mistari michache ya Kilatini iliyomo inatuambia kwamba mwenye kitabu aliitwa Bald na aliyekiandika kwa amri yake aliitwa Cild. Kitabu kinaanza na kichwa na kushuka taratibu mwilini kuelekea miguuni, kila dawa ikianza kwa neno wið, "dhidi ya". Anapofika kwenye meno, mwandishi anatoa dawa ya maumivu ya jino "iwapo mdudu analila": chukua majani makuukuu ya mti wa holi pamoja na mitishamba mingine miwili, chemsha majini, mimina katika bakuli, kisha achama juu yake, na wadudu wataanguka ndani ya bakuli.

Niliposoma maneno hayo nilijiona nikiwa na miaka minane, Tanga, nimeketi kwenye kigoda uani kwa bibi yangu mzaa mama, nimefunikwa kanga mbili, uso juu ya sufuria inayofuka mvuke. Jino la nyuma lilikuwa limeniuma usiku kucha. Bibi alikuwa ameshanitafunisha mzizi wa mtunguja, wenye uchungu unaofanya masikio yacheze, na sasa alikuwa akinifukiza ili wadudu wanaonila jino watoke. Kila baada ya muda alikuwa akifunua kanga na kuchungulia ndani ya sufuria kwa makini ya mtu anayechambua mchele. Mwishowe aliniambia kwamba wametoka watatu. Sikuwaona, na jino lilikuja kung'olewa wiki iliyofuata, lakini ninapokumbuka Bald na Cild huwaona wakichungulia bakuli lao kwa macho yaleyale ya bibi. Imani kwamba jino bovu lina mdudu imesambaa duniani kote na ni ya zamani kuliko lugha zetu zote mbili. Wababeli waliiandika kwenye vigae vya udongo.

Kati ya maneno hayo mawili ya waganga, wærc limebaki katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza tu, ambako wapo wanaosema "wark". Ece ndilo lililozaa "ache" ya leo, nalo lina kisa chake kidogo. Zamani kitenzi kilitamkwa "eik" na nomino ikatamkwa "eich", sawasawa na jina la herufi H, kiasi kwamba Shakespeare aliweza kumfanya mhusika wake mmoja atanie kwamba anaumwa na herufi hiyo. Samuel Johnson, katika kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, aliliunganisha neno hili na neno la Kigiriki achos, linalomaanisha huzuni au dhiki, na akapendelea tahajia yenye "ch" kwa sababu hiyo. Alikosea. Neno ni la Kijerumani cha kale tangu shinani, halina udugu na Kigiriki, ila tahajia yake imeshika na watoto wa shule wanaendelea kuadhibiwa kwa kuikosea. Namtaja Johnson si kwa kumcheka bali kwa kuwa kosa lake ni la aina ileile nitakayoirudia huko mbele: maneno mawili yanafanana sauti na yanafanana maana, na sikio linaapa kwamba ni ndugu.

Tarehe 14 Oktoba 1066 Wanormandi walishinda vita vya Hastings, na kwa karne mbili au tatu zilizofuata wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa. Katika maneno waliyoyaleta lilikuwamo peine, ambalo kufikia karne ya 13 lilikuwa limeingia katika Kiingereza na leo ndilo "pain", neno la kwanza linalomjia Mwingereza yeyote akitaka kusema maumivu. Asili yake, hata hivyo, si maumivu. Ni Kilatini poena, adhabu, lililotoka katika Kigiriki poinē, malipo ya damu, kwa maneno mengine dia. Ukoo wake umejaa mahakama: humo mna maneno ya Kiingereza yanayohusu sheria za jinai, kutia adabuni na kumwita shahidi kwa lazima. Humo mna pia penalti ya mpira wa miguu. Sidhani kama kuna anayeliwaza jambo hilo pale uwanja wa Mkapa unaponyamaza na mpigaji akiuweka mpira kwenye alama, lakini neno analotamkiwa ni binamu wa karibu kabisa wa neno la Kiingereza la maumivu, na mashabiki wa timu inayopigiwa watakuwa wa kwanza kukubali udugu huo.

Kwa hiyo Waingereza walikuwa na neno lililosema maumivu ni maumivu, wakalibadilisha na neno lililosema maumivu ni malipo. Sisi tunayo njia hiyo pia: "adhabu", tuliyoipokea kutoka Kiarabu, husimama mahakamani na wakati huohuo mtu akashuka kwenye basi lililojaa akasema safari hii ni adhabu. Tofauti ni kwamba adhabu yetu haikuyafukuza maumivu wala uchungu nyumbani kwao. Sār ilifukuzwa. Haikufa, ila ilishushwa cheo.

Kwanza ilibadilika sauti. Katika kusini ya Uingereza, mnamo karne ya 12, "a" ndefu ya zamani ilianza kutamkwa kama "o": stān, jiwe, likawa "stone", hām, nyumbani, likawa "home", na sār ikawa "sore". Kaskazini na Uskoti hawakufuata, na Mskoti hadi leo anaweza kukwambia kwamba mguu wake ni "sair". Kisha ilipungukiwa kazi. Kama nomino, "sore" siku hizi ni kidonda cha ngozi, cha pembeni mwa mdomo au cha mgonjwa aliyelazwa muda mrefu upande mmoja. Kama kivumishi, ni koo linalokereketa au misuli ya mtu aliyeanza mazoezi juzi. Neno lililokuwa limembana Grendel sasa linapakwa mafuta ya mgando.

Kielezi chake kilipata bahati nzuri zaidi kwa muda. Kwa kuwa kinachofanywa "kwa maumivu" hufanywa kwa nguvu, sāre ilianza kumaanisha "sana". Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, inapowaeleza wachungaji waliotokewa na malaika katika sura ya pili ya Luka, inasema waliogopa "sore". Tafsiri yetu ya Muungano inasema "wakaingiwa na hofu kuu", na ni tafsiri sahihi, kwani humo hamna aliyeumia. Kuna kiasi tu cha hofu. Kiingereza baadaye kiliiacha njia hiyo. Wajerumani waliipita hadi mwisho: neno lao la kila siku la "sana", sehr, ndilo sār lenyewe kwa matamshi yao, na maana ya maumivu imelitoka kabisa. Anayetaka kuiona lazima aitafute ndani ya unversehrt, "bila kujeruhiwa", neno la taarifa za ajali. Waholanzi hawakuchagua. Kwao zeer ni "sana" na zeer ni maumivu, na mtoto aliyeanguka hutumia kwa kilio neno lilelile ambalo mwalimu wake hutumia kumsifu.

Si jambo la kushangaza kwa anayesikiliza vijana wa Dar es Salaam au Nairobi. Kijana akisema goli lile lilikuwa kali vibaya, au kwamba anampenda fulani vibaya sana, hakuna ubaya uliotajwa. Kuna wanaosema mtu amependeza kufa, na marehemu haonekani popote. Wazee huchukizwa na semi hizi na kuziita uharibifu wa lugha. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu nilipojua kwamba neno la heshima kabisa la Kijerumani, linalotamkwa bungeni na makanisani, lilianza maisha yake vivyo hivyo, nimekuwa mvumilivu zaidi, ingawa bado sitaiweka "vibaya" ya namna hiyo katika barua ya ofisi.

Ndugu wa ajabu kuliko wote yuko Finland, na si ndugu wa damu. Kifini hakimo katika ukoo wa lugha za Kijerumani, ila zamani sana, kabla ya watu wa huko hawajaanza kuandika, kiliazima maneno kutoka kwa majirani zake, na mojawapo ni sairas, mgonjwa. Hospitali kwao ni sairaala. Wataalamu wa lugha, kwa kulinganisha maumbo ya Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, walikuwa wamekisia kwamba bibi wa maneno hayo yote alikuwa sairaz. Hakuna kitabu kilichomwandika. Lakini Kifini kimemtunza karibu mzima mzima, pamoja na silabi ya mwisho ambayo wajukuu wake wote wameipoteza, kama chombo kilichoazimwa na jirani kikabaki kabatini kwake baada ya wenyewe kukivunja chao. Sisi tunalo jambo la aina hiyo: Wajerumani walileta sarafu ya heller katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904, sarafu yenyewe ilishakufa, ila hapa mwenye nyumba akija tarehe 1 anadai "hela" yake.

Sasa nirudi kwenye kizingiti.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kiambishi tamati -ig, ambacho kikiungwa na nomino huleta maana ya "-enye kujaa kitu hicho". Damu ni blōd, na blōdig ni chenye damu. Maumivu ni sār, na sārig ni mwenye maumivu, aliyejaa uchungu. Irabu ikageuka, ikafupishwa, na sārig ikawa "sorry". Hakuna kosa ndani yake. Hakuna mkosaji, wala mkosewa, wala msamaha. Mtu aliyesema yeye ni sārig alikuwa akitoa taarifa ya hali ya moyo wake, na sababu ya hali hiyo ingeweza kuwa dhambi yake mwenyewe, au msiba wa jirani, au mvua iliyoharibu mavuno.

Wengi hudhani kwamba "sorry" imetokana na "sorrow", huzuni. Nilidhani hivyo mimi, na nimewahi kulifundisha darasani bila haya. Ni kosa la Johnson lilelile. "Sorrow" ilikuwa sorg, na asili yake ni wasiwasi na kushughulika moyoni. Wajerumani bado wanayo kama Sorge, neno la mzazi ambaye mtoto hajarudi na giza limeingia. Sār na sorg ni maneno mawili ya koo mbili, yaliyokaa pamoja muda mrefu hadi yakafanana sura kama mume na mke waliozeeka. Katika kitabu cha mashairi ambacho Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072, alikiachia kanisa kuu la Exeter, na ambacho kiko hukohuko mpaka leo, kuna shairi la mtu aliyefiwa na bwana wake na kubaki akizurura peke yake katika bahari ya baridi. Anaota kwamba yuko na bwana wake, anazinduka, anaona ndege wa baharini wakioga katika mawimbi, na hapo majeraha ya moyo wake yanakuwa mazito zaidi, sāre kwa ajili ya mpendwa, na sorg inaanza upya. Maneno hayo mawili yamo katika mstari mmoja, moja kila upande wa kituo: kwanza kidonda kinauma, kisha huzuni inarejea. Mshairi alijua kabisa kwamba si kitu kimoja.

Lakini uthibitisho nilioufurahia kuliko wote ni kitenzi. Kutokana na sārig walipata sārgian, kuumia moyoni, na kwa kukitangulizia efen, "sawa", wakapata efensārgian: kuumia sawa na mwingine, kuyachukua maumivu ya mtu yakawa na uzito uleule kwako. Ukiniuliza Kiswahili kinasemaje hilo kwa neno moja, nitakujibu kwamba hakisemi kwa kitenzi. Kinasema "pole".

Tunaitumia pole kwa kila jambo, na mgeni hutuona kama watu wanaogawa pole kama njugu. Pole na kazi, pole na safari, pole na jua. Pole kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyemwagikiwa na chai, kwa aliyejikwaa. Anayepewa hujibu "asante" au "nimeshapoa", na hakuna katika mazungumzo hayo anayeuliza nani kasababisha. Tukiwa tumekosa, tunalo neno lingine, "samahani", lililotoka Kiarabu na lenye kazi yake. Na likiwa kosa kubwa tunaomba radhi, na anayeombwa ana hiari ya kuitoa au kuizuia. Pole haina kibali cha kuzuiwa. Nikimpa mtu pole, nimesimama upande wake, basi.

Sitaki kudai zaidi ya ninachoweza kukitetea. Hatukuirithi maana ya kale ya Kiingereza. Hakuna Mwanglosaksoni aliyetia nanga Pangani. Tulikuwa na pole yetu, tukaitafutia nguo katika lugha ya mtawala, na nguo tuliyoikuta ikatukaa vizuri kwa sababu ilishonwa kwa ajili ya mwili unaofanana na wetu. Watu wa Nigeria na Ghana, ambao hawana Kiswahili, walifanya vivyo hivyo na "sorry" kwa sababu lugha zao nazo zina neno la namna ya pole. Waingereza wenyewe hawajaisahau maana ile. Kwenye msiba humwambia mfiwa kwamba wao ni "sorry" kwa kuondokewa kwake, na mfiwa hawajibu kwamba si wao waliomuua. Kilichotokea ni kwamba katika mambo madogo ya kila siku maana ya kosa imetawala, hasa tangu neno hilo lianze kusemwa peke yake, bila "mimi ni" mbele yake, katika karne ya 19; na mtu mmoja aliyezoea kulitumia akigonga bega la mwenzake kwenye treni akashangaa kulisikia kutoka kwa mtu asiyemgusa.

Ningependa kumweleza hayo mzee wa makubadhi. Wakati ule sikuyajua, na alipoondoka nilikuwa nimekubali kabisa kwamba nilikosea neno.

Wiki iliyopita nilikuwa nikihariri tafsiri ya kijana mmoja, hadithi fupi kutoka Kiingereza. Kuna tukio ambalo mwanamke amerudi kutoka makaburini, jirani yake anavuka barabara na sahani iliyofunikwa, anasimama mlangoni na kusema maneno mawili tu ya Kiingereza. Kijana alikuwa ameandika: "Samahani sana." Nikaishika kalamu, nikabaki nikimtazama yule jirani pale mlangoni akiomba msamaha wa kifo asichokihusu, sahani ikimpoa mkononi. Kijana ni mwerevu, na kamusi iliyo mezani kwake inatoa "samahani" kabla ya kitu kingine chochote. Nikalikata neno kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake "Pole, mama," kisha pembeni, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, nikamwandikia aje tuzungumze kuhusu sār, na alete muda wa kutosha.